Televisheni ya chuo: msimu mpya wa vipindi na mihadhara ya hadhara, tupange vipi?

#1 Chumba_cha_Matangazo (mleta uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Kituo cha televisheni cha chuo kimoja hapa Unguja kinaandaa msimu wa wiki 13 utakaoanza kipupwe. Mpaka sasa kilichokubaliwa ni hichi: mhadhara wa hadhara kila baada ya wiki mbili, kipindi cha masomo kwa wanafunzi wa skuli, kipindi cha utafiti (mwani, karafuu, uvuvi, afya) na kipindi cha lugha na fasihi. Watu waliopo ni mwongozaji mmoja, wapiga picha wawili, wahariri wawili na fundi sauti anayekuja siku za kurekodi tu. Kamera nzuri mbili, ya tatu kongwe. Ukumbi una viti 300, sakafu ya vigae, feni za darini, paa la bati.

Naomba michango ya ratiba, kurekodi, na yale yanayoharibika. Tupeane vipimo na hatua. "Kujipanga ni muhimu" tumeshaisikia vya kutosha.

#2 Dira_ya_Ratiba

Wa alaykum salaam. Anza na hesabu ya mikono uliyonayo, saa za hewani zije baadaye. Kipindi cha saa moja kilichorekodiwa ukumbini kwa kamera mbili kinataka nusu siku ya kufunga vyombo na kurekodi, halafu siku mbili mpaka tatu za mhariri mmoja: kupanga picha, kusafisha sauti, kuingiza slaidi, kuandika majina, kukaguliwa, kusahihishwa. Wahariri wawili kwa siku tano ni siku kumi za kazi. Hesabu itakwambia vipindi vinne kwa wiki. Wewe weka vitatu, maana cha nne kitaliwa na matangazo ya vipindi, marekebisho na dharura za ofisi ya juu ("kuna mgeni kesho, njooni na kamera").

Vipindi vitatu vipya, kila kimoja kirushwe mara tatu: usiku, asubuhi inayofuata, na mwisho wa wiki. Hapo una saa tisa safi kwa wiki na hakuna aliyekufa kwa usingizi. Kituo kinachoahidi saa 24 halafu kikajaza kwa nyimbo na picha za bahari, watu hukizoea hivyo hivyo, na siku ya mhadhara hawafungui.

Saa za kurusha. Magharibi hapa huingia baina ya saa 12 na robo hivi na saa 1 kasoro robo kwa mujibu wa mwezi, Isha inaelekea saa 1 na nusu mpaka saa 2 kasoro. Saa 2 ni taarifa ya habari. Kwa hiyo kipindi kizito kikae saa 3 kasoro robo usiku. Kipindi cha wanafunzi saa 11 jioni, wametoka skuli na chuoni (madrasa) na Magharibi bado.

Kipindi cha mwani usikirushe asubuhi kwenye bamvua. Maji yanakuwa yametoka na walimaji wako pwani kwenye mashamba yao. Marudio ya asubuhi yaangukie siku za maji mafu. Kalenda ya mwezi inakupa jibu bila ya kumuuliza mtu: mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bamvua.

Mhadhara wenyewe ukumbini: saa 10 na robo alasiri baada ya sala, umalizike saa 12 kasoro robo. Dakika 90 kamili. Ukianza saa 11 utakatwa na adhana katikati ya maswali, na nusu ya watu watakuwa wanawaza daladala.

Na kabla ya siku ya kwanza hewani, uwe na vipindi vinne vilivyokamilika kabatini. Bila ya akiba hiyo, ugonjwa wa mhariri mmoja tu unavunja ratiba nzima.

#3 Karafuu_Mbichi

Dira umesahau kisiwa cha pili, kama kawaida. Msimu wa karafuu Pemba watu mchana wako mikarafuuni, jioni wanachambua na kuanika. Marudio ya saa 4 asubuhi kwetu hayana mtazamaji. Wekeni marudio ya saa 4 usiku, wakati watu wamekaa barazani wanachambua vikonyo. Na toeni sauti ya mhadhara peke yake, faili la MP3 la kilobiti 64 kwa sekunde, njia moja. Saa moja ni kama megabaiti 29. Hilo linatumwa kwa WhatsApp mpaka Makangale, video haitumwi.

#4 Mzee_wa_Mikisa

Mtu huvumilia picha mbaya. Sauti mbaya anaondoka dakika ya pili. Kwa hiyo nikae hapa kidogo.

Ukumbi wa vigae na kuta tupu una mwangwi, na mwangwi hauondoki kwenye uhariri. Dawa ni kusogeza maiki karibu na mdomo na kuweka vitu laini nyuma na mbele ya mhadhiri: zulia zito jukwaani, mapazia mazito ukutani. Busati la plastiki halifyonzi kitu. Ukumbi uliojaa watu husaidia wenyewe, kwa hiyo usipime sauti kwenye ukumbi mtupu ukadhani ndio mwisho wa habari.

Mhadhiri avae maiki ya kifuani, shubiri moja chini ya kidevu (sentimita 15 mpaka 20), na kwenye meza iwepo maiki ya pili ya waya. Ziingie njia mbili tafauti za mikisa (chombo cha kuchanganya sauti) na zirekodiwe mbali mbali. Ya kifuani ikikwaruza, mhariri anahamia ya mezani. Mkizichanganya kuwa njia moja pale pale ukumbini, mmejifunga.

Maiki zisizo na waya ziko za aina mbili na kila moja ina ugonjwa wake. Zile ndogo za bei nafuu zinatumia gigahezi 2.4, njia ile ile ya Wi-Fi. Asubuhi ukumbi mtupu zinafanya kazi vizuri kabisa. Alasiri watu 200 wakiingia na simu zao, sauti inaanza kukatika katika. Za UHF ni imara zaidi, lakini hizo nazo zinaishi mtaa mmoja na masafa ya televisheni za kidijitali. Washa kipokezi, tafuta nafasi tupu, fanya hivyo pale pale ukumbini siku ile ile. Kipokezi kiwe kinaonana na jukwaa, usikifiche nyuma ya kabati la chuma. Betri mpya kila mhadhara. Zilizobaki na nusu zipelekeni kwenye rimoti.

Kutoka mikisa kwenda kamera ndipo wengi wanapoharibu. Mikisa inatoa sauti ya nguvu ya laini, kamera imewekwa kupokea maiki. Matokeo yake ni sauti iliyopasuka, na iliyopasuka haishonwi. Kwenye kamera geuza swichi iende kwenye laini. Kamera isiyo na swichi hiyo, weka kipunguza nguvu cha desibeli 40 katikati. Umeme wa volti 48 wa kwenye njia ya maiki uzimwe upande wa kamera.

Vipimo: maneno ya kawaida yacheze desibeli -18 mpaka -12, akipandisha sauti isipite -6. Kila kifaa kwenye kilohezi 48. Pembeni weka kinasa sauti kidogo chenye betri yake, kimepokea nakala kutoka mikisa, kinarekodi tangu bismillahi mpaka watu watoke. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, mhariri atalitumia kulinganisha.

Ukisikia mngurumo wa chini usioisha, ni laptopu ya mhadhiri imechomekwa soketi ya ukuta mmoja na mikisa soketi ya ukuta mwengine. Chomoa chaja ya laptopu. Mngurumo ukinyamaza, umeshampata mwizi. Weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, au lisha vyote kutoka soketi moja.

Feni: zile zilizo juu ya jukwaa zizimwe, za watazamaji zibaki kwenye kasi ya chini. Mkizima zote watu wataondoka, na haki yao.

Hewani malizia kwenye -23 LUFS (kipimo cha wastani wa ukubwa wa sauti) kwa televisheni, kama -14 kwa mtandaoni. Fanya matoleo mawili, usitume moja kila mahali.

#5 Ushungi_na_Maiki

Mzee ahsante, ila umezungumza kama wahadhiri wote wanavaa shati la vifungo.

Mwenye ushungi: maiki usiiingize ndani. Kitambaa kinasugua kila akigeuza shingo, na unasikia mchakato huo mwanzo mpaka mwisho. Ibane nje, juu ya kunjo la ushungi usawa wa kifua, waya upite chini ya kunjo kisha uzungushwe duara moja na kufungwa kwa tepu, ili ukivutwa usitikise kichwa cha maiki. Kitambaa cha hariri au chifoni kinateleza. Tia kipande cha tepu ya kitambaa upande wa ndani kabla ya kubana. Na awepo msaidizi mwanamke wa kumvisha. Hili lipangwe kabla, lisiwe la kutafutana mlangoni dakika mbili kabla ya kuanza.

Mwenye kanzu: kama kavaa koti juu, bana kwenye ukingo wa koti upande atakaogeukia skrini. Kanzu tupu, bana kwenye mpasuo wa shingoni. Tasbihi na kalamu mfuko wa juu vitolewe.

Kisanduku cha maiki kiende kiunoni nyuma, na simu yake isikae mfuko huo huo.

#6 Dirisha_la_Darajani

Na mkae mkijua kuna muuliza swali ambaye swali lake lina utangulizi, salamu za wilaya, historia ya ukoo, na mwisho "sina swali, nilitaka kuchangia". Huyo ana kipimo gani?

#7 Mzee_wa_Mikisa

Huyo kipimo chake ni kutompa maiki mkononi. Maiki ya maswali ishikwe na msaidizi, anamwekea mdomoni na anaiondoa. Sekunde 45. Na asiyepewa maiki asijibiwe mpaka mwendeshaji alirudie swali kwenye maiki yake, maana nyumbani hawakulisikia.

#8 Jicho_la_Tatu

Upande wa picha.

Kamera zote zifanane: 1080, picha 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50. Umeme wetu ni hezi 50. Kamera ikiletwa imewekwa 30 na 1/60 kama ilivyotoka kiwandani, taa za ukumbini zitatoa mistari inayotambaa kwenye picha, na watu watasema taa mbovu. Mizani ya weupe iwekwe kwa mkono kwa karatasi nyeupe pale jukwaani, usiachie kamera ijiamulie; slaidi ya buluu ikiwaka, uso wa mhadhiri unageuka wa chungwa.

Kanzu nyeupe na kofia mbele ya pazia jeusi ni mtihani. Pima mwanga kwa uso. Kanzu ikiungua kidogo si msiba, uso ukiwa kivuli kipindi kimekwisha. Mbele ya jukwaa weka taa mbili, moja kila upande kwa pembe ya nyuzi 45, juu kidogo ya kichwa. Na taa ya ukumbini iliyo juu ya skrini izimwe.

Kamera ya kwanza nyuma katikati, kwenye jukwaa dogo la sentimita 60 ili vichwa visipite mbele. Ya pili mbele pembeni, inaona mhadhiri kwa ubavu na ikigeuka inaona watazamaji. Ile kongwe ifungwe picha pana ya ukumbi mzima na isiguswe. Mhariri akikosa picha, anakimbilia hiyo.

Slaidi: usipige picha ya skrini. Rangi zinapauka na maandishi hayasomeki. Weka kigawanyaji cha HDMI baina ya laptopu na projekta. Njia moja iende projekta, ya pili iende kwenye kifaa cha kurekodi. Jaribu na laptopu ya mhadhiri mwenyewe, si ya ofisini, maana nyengine zinatoa ukubwa wa picha ambao kifaa hakiupokei na unaona weusi mtupu. Kisha dai faili la slaidi siku tatu kabla. Ukubwa wa herufi usiwe chini ya 28, mistari isizidi saba, umbo la 16:9. Jedwali la nguzo kumi na mbili lililonakiliwa kutoka kwenye ripoti halifai televisheni ya inchi 32, sembuse simu. Mwambieni achague namba tatu anazotaka watu wazikumbuke.

Kadi: kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde inakula karibu gigabaiti 34 kwa dakika 90. Kadi ya 64 inatosha mhadhara mmoja, si miwili. Kamera za picha mnato zinazotumika kwa video, nyingi za zamani zinajizima dakika ya 29 na sekunde 59. Aliyesimama nyuma yake ajue, abonyeze tena wakati mwenzake anashika picha nzuri, wasikatike pamoja.

Na vyombo visilale kwenye chumba chenye madirisha wazi upande wa bahari. Chumvi na unyevu vinakula viunganishi, ukungu unaota ndani ya lenzi. Boksi linalofunga vizuri, vifuko vya kukausha ndani yake, kipima unyevu, isimame chini ya asilimia 50.

#9 Taa_Haizimiki

Umeme. Jumlisheni wati kwanza: kamera mbili 20, swicha ya picha 30, laptopu ya kurekodi 90, mikisa na vipokezi 20, ruta 10. Hiyo ni 170. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, na inverta inakula yake. Unabaki na kama 510. Gawa kwa 170, saa tatu. Mhadhara unapita bila ya wasiwasi.

Ukiongeza projekta ya wati 300 unashuka mpaka saa moja na dakika chache. Hata hivyo iungeni. Jenereta inachukua sekunde kumi mpaka ishirini kushika mzigo, na projekta ya balbu ikizimika ghafla feni yake nayo inasimama, balbu inabaki moto na haitakubali kuwaka mpaka ipoe. Hapo ndipo mhadhiri anaposimama dakika tano anatazamana na watu. Yenye LED au leza haina tatizo hilo.

Spika za ukumbi ziachieni jenereta. Jenereta ikae upande wa pili wa jengo, si chini ya dirisha la jukwaa.

#10 Mubashara_Daima

Nyote mnazungumza kurekodi na kuhariri. Chuo kinapomleta mgeni mkubwa watu wanataka mubashara. Mhadhara unaorushwa baada ya siku nne umeshakuwa baridi, na wanafunzi walioko nje hawana la kuuliza.

#11 Dira_ya_Ratiba

Mubashara wa mtandaoni sawa, wa televisheni sikubaliani.

Video ya 1080 kwa megabiti 4.5 kwa sekunde, dakika 90, ni gigabaiti 3 za kupandisha. Bando si tatizo, tatizo ni kasi isiyoyumba. Pima kasi ya kupandisha saa ile ile ya mhadhara, siku ya kazi, mara tatu. Ikiwa haifiki mara mbili ya unachohitaji, shusha uende 720 na megabiti 2.5. Tumia waya kutoka kwenye ruta, si Wi-Fi. Na usitegemee laini ya simu kama akiba bila ya kufikiri: ukumbi ukijaa, simu 200 zinashindania mnara mmoja na wewe umo. Laini ya akiba iwe ya mtandao mwengine na antena itoke nje ya jengo.

Kwenye televisheni mubashara unabeba kila kitu: dakika kumi za kumsubiri mgeni rasmi, utambulisho wa meza kuu, maiki isiyowashwa. Mhadhara wa dakika 90 ukihaririwa unatoa dakika 52 nzuri, ukijaza saa pamoja na vichwa vya kipindi na matangazo. Tena unapata vipande vinne vitano vya dakika tatu tatu vya kuweka mtandaoni. Kipande cha swali moja na jibu lake kinatazamwa kuliko mhadhara mzima, tukubali tu.

#12 Mubashara_Daima

Utambulisho wa meza kuu hauhitaji televisheni ili uchoshe. Ufupishwe ukumbini kwenyewe. Bado naona swali la mtu wa Muscat au Mombasa likisomwa pale pale lina uzito ambao uhariri hautoi.

#13 Dira_ya_Ratiba

Hilo nakupa. Basi mubashara mtandaoni, mtu mmoja akae na laptopu akichuja maswali yanayoingia, mwendeshaji apelekewe matatu kwenye karatasi. Na televisheni ipate toleo lililohaririwa wiki hiyo hiyo.

#14 Maalim_wa_Hesabu

Kipindi cha skuli kimepitwa haraka, na ndicho kitakachokuwa na watazamaji wengi kuliko mihadhara yote. Mtihani wa Kidato cha Nne kwa kawaida ni Novemba. Wiki 13 zikianza kipupwe zinamalizika na muda wa kurudia bado upo.

Usimsimamishe mwalimu mbele ya ubao mweupe. Unang'ara, kalamu za rangi hazionekani, na mwalimu anaandika huku ameipa kamera mgongo. Weka karatasi ya A3 mezani, kalamu nyeusi nene, kamera juu yake inaangalia chini kutoka sentimita 80 hivi, taa mbili kutoka pembeni ili kivuli cha mkono kisiangukie hesabu. Mtazamaji anaona mkono, karatasi na hatua. Uso wa mwalimu uonekane mwanzoni na mwisho, yatosha.

Dakika 25, mada moja, maswali matatu: la kwanza mwalimu analitatua, la pili analianzisha na mtazamaji analimaliza, la tatu mtazamaji peke yake. Na baada ya kuuliza, anyamaze. Sekunde 20 kwa hesabu fupi, swali libaki kwenye skrini. Walimu wanaogopa ukimya hewani, wanajijibu wenyewe baada ya sekunde mbili. Vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze vilivyosomesha watoto wadogo wa Unguja na Pemba vilijengwa juu ya nafasi hiyo hiyo: redio inauliza, inanyamaza, darasa zima linajibu. Ukiitoa nafasi, mtoto anabaki kusikiliza tu.

Makosa ya kawaida yaonyeshwe. Kwenye milinganyo, mwanafunzi anahamisha namba upande wa pili na kusahau kubadilisha alama. Andika kosa hilo kwa makusudi, simama, uliza "liko wapi?", subiri.

Atakayekagua hesabu awe mwalimu mwengine, kabla ya kurusha. Jibu lililokosewa likitoka kwenye televisheni ya chuo, darasani litatetewa kwa miaka.

#15 Mkutubi_wa_Vuga

Mmeshughulika na nyaya, nami naingilia kwenye kinachosemwa.

Mihadhara inayodumu ina kitu mezani. Ile ya Krismasi ya Royal Institution ya London imeanza 1825, na kilichoifanya itazamike mpaka kwenye televisheni ni majaribio yanayofanywa mbele ya watoto, si maneno peke yake. Hapa tuna cha kuweka mezani kuliko wao. Mhadhara wa mwani: leteni beseni mbili za maji ya bahari zenye aina mbili za mwani, moja kotonii, moja spinosamu. Kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani 1989. Kotonii ina bei zaidi lakini ndiyo inayokufa maji yakipata joto, matawi yanakuwa meupe na kukatika. Mhadhiri avunje tawi bovu na tawi zima mbele ya kamera ya pili, watu waone. Halafu mkulima akae meza ile ile, apewe dakika kumi zake, si "neno la shukrani" mwishoni. Mada yenyewe ina mjadala wa kweli: kuhamia maji ya kina kirefu ambako joto ni dogo kunataka boti na kujua kuogelea, na walimaji wengi ni wanawake waliozoea kutembea kwa miguu maji yakitoka.

Vivyo hivyo mhadhara wa majengo ya Mji Mkongwe: Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake 25 Disemba 2020. Leteni kipande cha jiwe la matumbawe, chokaa na kipande cha saruji, mhandisi aeleze kwa nini saruji juu ya ukuta wa chokaa inazuia unyevu kutoka na ukuta unaoza ndani kwa ndani. Hiyo ni dakika 15 ambazo fundi wa Malindi atazikalia.

Kwa mpango wa mfululizo, tazameni Kigoda cha Mwalimu Nyerere pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa 2008: mada moja kubwa, siku kadhaa, wasemaji wanaopingana. Mihadhara sita isiyohusiana haijengi mazoea. Mitatu ya bahari, mitatu ya mji, watu watajua wanafuata nini.

Na lugha ya mhadhara iwe Kiswahili. Mgeni asiyekijua atiliwe manukuu, mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kila mstari.

#16 Ushungi_na_Maiki

Naongeza mkalimani wa lugha ya alama. Asitiwe kidirisha cha ukubwa wa stempu. Apewe robo ya upana wa skrini kulia, nguo ya rangi moja iliyo tafauti na ngozi yake, ukuta wa nyuma usio na maua, na kamera yake isimkate viwiko. Slaidi zipangwe kushoto tangu mwanzo ili zisifunikwe. Apewe orodha ya istilahi siku mbili kabla, na kwa dakika 90 wawe wawili wakipokezana kila baada ya dakika 20 hivi, mikono na akili vinachoka.

#17 Kabati_la_Mafaili

Mawili ya ofisini, mafupi.

Idhini isainiwe kabla ya mhadhara: kurekodi, kurusha, kuweka mtandaoni, kukata vipande. Manne hayo yatajwe moja moja. Picha zilizomo kwenye slaidi mhadhiri aseme kazitoa wapi. Zisizo na ruhusa zitolewe kwenye toleo la televisheni. Muziki wa kichwa cha kipindi utungwe na kikundi mtakachokilipa na kuandikiana nacho, msichukue taarabu ya mtu. Watoto wa skuli wakionekana, idhini ni ya mzazi. Leseni ya utangazaji hapa ni Tume ya Utangazaji Zanzibar, masafa ni TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Barua ziende mapema kuliko mnavyodhani.

Mafaili: tarehe kwanza, mwaka-mwezi-siku, kisha mada, kisha kamera. Nakala mbili kwenye diski mbili usiku ule ule, moja ilale jengo jengine. Kadi isifutwe mpaka mhariri afungue faili kutoka kwenye diski na kulicheza mwanzo, kati na mwisho. Diski zipangwe kwa mfumo wa exFAT, maana FAT32 inakataa faili linalozidi gigabaiti 4.

#18 Chumba_cha_Matangazo (mleta uzi)

Ahsanteni sana, nimenakili yote. Mpango sasa uko hivi: mihadhara sita, mitatu ya bahari na mitatu ya mji, Jumamosi saa 10 na robo alasiri, mubashara mtandaoni, televisheni Jumatano saa 3 kasoro robo usiku, marudio Alkhamis saa 4 usiku kwa ajili ya Pemba na Jumapili saa 4 asubuhi. Skuli Jumatatu na Jumanne saa 11 jioni. Kipindi cha lugha na cha utafiti vinapokezana, kila kimoja wiki yake, ili wahariri wasizidiwe.

Limebaki moja. Paa la bati. Kipupwe si masika lakini manyunyu ya kusi yapo. Mvua ikianza katikati?

#19 Mzee_wa_Mikisa

Mvua ikipiga bati hakuna maiki itakayoshinda. Kubalianeni na mwendeshaji ishara moja: fundi sauti akiinua mkono, mwendeshaji anasimamisha mhadhara. Asiongezewe sauti ya spika, zitapiga mluzi na mvua itabaki pale pale. Kamera ziendelee kurekodi. Msaidizi aandike neno la mwisho lililosikika safi. Ikinyamaza, mhadhiri asimame pale pale alipokuwa, slaidi irudishwe moja nyuma, na aanze na sentensi nzima iliyotangulia. Mhariri atakata hapo.

Ikizidi robo saa, ingieni kwenye maswali kwa karatasi, yakusanywe na kupangwa wakati mnasubiri. Nafasi ya maswali ndiyo itakayofupishwa, mhadhara ubaki mzima.

#20 Jicho_la_Tatu

Na mpiga picha wa kamera ya pili awe na mfuko wa plastiki wa kufunika. Bati kongwe linavuja penye kamera, sijui linajuaje.